Mkaguzi, waranti, na msingi uliokwisha kufunikwa: jibu kwa dada anayejenga Tunguu

Waalaykum salaam dada yangu, na pole na masafa. Swali lako nalifupisha kidogo ili na wengine wafahamu tunazungumza nini. Uko Leicester, Uingereza, unajenga nyumba ya ghorofa moja Tunguu, hapa Unguja, ami yako ndo anasimamia, fundi ni kijana wa hapo hapo mtaani, msingi umeshamwagwa na jamvi, yani zege la sakafu ya chini, limeshakaa, sasa wanataka kuanza kuta. Huko uliko jirani yako anajijengea nyumba na ana waranti ya miaka 10 na mkaguzi anakuja kila hatua. Ukauliza waranti kama ile utaipata wapi huku, mkaguzi umtegemee yule wa serikali au ulipe injinia wako, na ile kampuni ya kontrakta inayokwambia uwape kazi iliyobaki watakupa "waranti ya miaka 20" uiamini au la. Na ukatuma picha ya ufa kwenye jamvi. Huo ufa n'tauacha mwisho.

Nianze na waranti, mana hapo ndo watu wengi walioko nje wanapobabaika. Ile uliyoiona huko kwa kawaida ni bima. Kuna NHBC ambao wapo tangu 1936, kuna LABC Warranty, kuna Premier Guarantee na wengine, na kwa nyumba mpya ya kununua mpango wao wa kawaida ni miaka 10: miaka 2 ya mwanzo mjenzi mwenyewe anarudi kurekebisha makosa yake, halafu wa 3 mpaka wa 10 bima inabeba yale makubwa, msingi, kuta zinazobeba mzigo, paa. Ukijijengea mwenyewe ile miaka 2 ya mwanzo inakuwa haina nguvu, mana mjenzi ni wewe na huwezi kwenda kujidai mwenyewe, kwa hiyo unachonunua khasa ni ile ya muundo. Na haibebi kila kitu, vinyufa vya plasta inapokauka, unyevu wa madirishani, rangi kubanduka, hizo zako. Tena inanunuliwa kabla hujachimba, mana ukishamaliza nyumba wapo wanaokubali lakini bei inapanda na wanataka wapekue kila kitu.

Sasa angalia hapo kuna nini. Yule mkaguzi wa bima anayekuja na buti zake kwenye matope hakuja kwa mapenzi, anakuja kwa sababu nyumba ikipasuka pesa itatoka mfukoni mwa waliomtuma. Kwa hiyo kabla hawajaweka sahihi ya miaka 10 wanataka kuona shimo la msingi, nondo, mifereji ya maji machafu, kuta, paa, vyote kabla havijafunikwa. Waranti ni karatasi ya mwisho tu. Kinachomlinda jirani yako ni yale macho yaliyotangulia, na hayo macho hata Tunguu unaweza kuyalipia.

Mana bidhaa yenyewe, bima ya muundo ya miaka 10 kwa mtu wa kawaida anayejenga nyumba yake moja, usitegemee kuikuta kwenye soko letu. Bima zipo, ZIC, shirika la bima la Zanzibar, ipo tangu 1969 na yapo makampuni mengine chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, lakini utakazouziwa ni bima ya moto na maafa kwa nyumba iliyokwisha, na bima ya kazi za ujenzi wakati kazi inaendelea. Hizo zinalipa tukio. Moto, upepo mkali, wizi wa vifaa, mpita njia kaangukiwa na tofali. Hiyo ya wakati wa ujenzi kwa nyumba ya ghorofa mimi nasema ikate, khasa kama ploti imebanana na majirani. Ila nyumba ikianza kushuka upande mmoja mwaka wa nne kwa sababu fundi kaweka msingi juu ya udongo wa kujazia, mtu wa bima atakwambia hiyo ni kazi mbovu, haimo, na ukisoma mkataba utakuta kweli haimo.

Nduguzo walioko Maskati watakwambia mbona Oman kontrakta anabanwa miaka 10. Ni kweli, na Misri hivyo hivyo, kifungu cha 651 cha sheria yao ya madai kinawabana kontrakta na msanifu kwa pamoja miaka 10 nyumba ikianguka, hata kama kosa lilikuwa la ardhi yenyewe, na mzizi wa jambo hilo ni Ufaransa ambako tangu sheria ya 1978 bima ya miaka 10 ni lazima. Mambo mazuri, lakini ni ya huko. Usije ukamtajia fundi wako akakuangalia tu.

Kwa hiyo tunakuja kwenye ile karatasi ya miaka 20. Dada, ahadi ya kontrakta ina thamani sawa na kontrakta mwenyewe siku utakayomhitaji. Waulize mambo matatu tu, kwa maandishi. Nani analipa kama kampuni imefungwa, iko bima nyuma yake au ni nyinyi tu? Nani anaamua kwamba ufa huu ni kosa la muundo, nyinyi wenyewe au injinia wa nje? Na msingi ambao hamkuujenga nyinyi umo au haumo? Hilo la mwisho ndo litakalowatoa jasho, mana mtu mwenye akili zake hawezi kukudhaminia miaka 20 nyumba iliyosimama juu ya msingi asiouona. Akikubali haraka haraka bila ya kuomba kufukua, basi ujue hata yeye ile karatasi haimshughulishi. Akikwambia "dada tusubiri kwanza, tufukue pembe mbili tuangalie", huyo mweke karibu, hata kama ahadi yake ni ya mwaka mmoja.

Mwaka mmoja kwenye mkataba wenye pesa iliyozuiwa ni bora kuliko 20 ya maneno. Yani hivi: kila malipo unazuia asilimia 5 mpaka 10, unaiweka, na inalipwa baada ya kipindi cha kurekebisha makosa kwisha. Watu wengi huandika miezi 6. Kwa Unguja na Pemba mimi nasema miezi 12, na hakikisha ndani yake imo masika nzima, Machi mpaka Mei, mana paa, mifereji, msingi wa upande wa chini, vyote hivyo vinasema kweli mvua ikipiga wiki nzima mfululizo. Nyumba iliyokabidhiwa Juni na zuio likalipwa Disemba imeonja vuli tu, bado haijajaribiwa.

Sasa mkaguzi. Wa serikali ni lazima, hilo halina mjadala, kibali cha ujenzi unacho nadhani, na hatua walizoandika kwenye kibali kwamba waitwe basi waitwe, na risiti na barua zote uweke. Lakini ufahamu anachoangalia. Anaangalia zaidi kama umejenga kile ulichoombea, umbali kutoka mpakani na barabarani, matumizi, idadi ya ghorofa, usalama wa jumla. Ana eneo kubwa na maploti mengi. Hatokaa na wewe asubuhi nzima kuhesabu ringi za nondo za nguzo, na hata huko Uingereza ukaguzi wa serikali na ule wa bima ni vitu viwili, kupita mmoja hakukupi mwingine. Ni hivyo hivyo na yule wa benki, kama ulichukua mkopo: mthamini anatazama nyumba ina thamani gani sokoni, hatazami nondo.

Kwa hiyo ndiyo, lipa injinia wako mwenyewe. Awe injinia wa majengo, aliyesajiliwa, na usajili wake usiuamini kwa kadi tu, ulizia kwenye bodi ya usajili yenyewe, na kumbuka Zanzibar ina utaratibu wake wa usajili mbali na wa Bara, kwa hiyo muulize wazi wazi kama ana ruhusa ya kufanya kazi huku. Asiwe yule yule aliyemleta fundi. Asiwe anauza saruji wala nondo. Na kama inawezekana asiwe ndo aliyechora ramani, ingawa hapo sitokaza sana, mana mchoraji mzuri anayejua hesabu zake anaweza kuwa mkaguzi mzuri kuliko mgeni asiyeijua nyumba. Mbaya ni yule "mchoraji" wa ramani za kuprinti ambaye hana hesabu ya bimu hata moja. Omba kuiona hesabu. Ukiambiwa "hizi nyumba zinajulikana, hakuna haja", tafuta mwingine.

Naligusia hili kwa sababu ramani uliyonitumia ina sebule ya mita 6 kwa 7 haina nguzo katikati, na juu yake kuna vyumba vitatu na choo. Ukiingia nyumba za Mji Mkongwe vyumba vile vyembamba, wazee hawakuwa hawajui kupenda nafasi, boriti ya mkoko haifiki mbali, basi na chumba kikaishia pale boriti inapoishia. Siku hizi kuna nondo na zege, kila mtu anataka sebule ya harusi, na fundi anakadiria bimu kwa jicho. Bimu ya mita 6 yenye ukuta juu yake haikadiriwi kwa jicho, inapigiwa hesabu na mtu anayeweka jina lake chini. Huko Uingereza wapo wanaotumia cheti cha msanifu au injinia aliyesimamia kazi badala ya waranti, anawajibika miaka 6, si bima, ni jina na dhima yake. Kitu cha namna hiyo ndo unachoweza kukiiga hapa: ripoti ya kila hatua, ina sahihi, ina namba ya usajili, ina picha, inasema "nimeona hiki, nimekubali" au "nimekataa, kirekebishwe hivi". Ukija kuuza nyumba au ukidaiwa au ukidai, makaratasi hayo yatasema kwa niaba yako.

Mlipe kwa hatua, sio kwa mwezi. Kwa mwezi atapita na gari ashushe kioo, "vipi fundi, mambo safi?", aondoke. Kwa hatua analipwa akileta ripoti. Na fundi na yeye alipwe kwa hatua hizo hizo, ripoti haijatoka pesa haitoki, na mpe injinia barua yenye sahihi yako kwamba ana haki ya kusimamisha zege. Bila ya barua hiyo atafika site, ataona nondo imekaa vibaya, fundi atamwambia mixa ishawashwa na vibarua wako tayari, na zege litamwagwa mbele ya macho yake.

Hapa lazima tumzungumze ami. Najua hukuliuliza lakini limo ndani ya swali. Ami yako anasimamia kwa mapenzi, hakuibii, anakwenda kila siku na jua lile, na ukimletea injinia ghafla ataona umemwita mwizi mbele za watu, na hapo utapoteza msimamizi na pengine na jamaa. Usimtumie ujumbe wa WhatsApp. Mpigie, muamkie vizuri, mwambie wewe ndo unataka makaratasi kwa sababu zako za huko, za benki, za watoto baadae kuja kuidai, na injinia atakuwa anaripoti kwako na kwake pia, nakala mbili. Halafu mpe kazi ambayo yeye ndo wa pekee kuiweza, mana injinia atakuja kwa hatua, ami yupo kila siku: kuhesabu mifuko ya saruji inayotoka stoo na inayoingia kwenye mchanganyiko, kuhakikisha zege linamwagiliwa maji asubuhi na jioni, na kupiga picha kila kitu kabla hakijafunikwa, tepu ya kupimia ikiwa imelazwa ndani ya picha. Picha ya nondo isiyokuwa na tepu haina faida, siwezi kujua kama zimeachana sentimita 15 au 25. Kumwagilia maji kwenyewe ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, zege la saruji ya kawaida linahitaji si chini ya siku 7 za unyevu, na katika siku hizo 7 linafika kama theluthi mbili tu ya nguvu linayohesabiwa nayo siku ya 28. Kwa jua la Januari huku, slebu, yani sakafu ya zege ya juu, isiyomwagiliwa imekwisha kuibiwa nguvu yake na hakuna wa kuirejesha.

Sasa yaliyo ardhini, na hapa n'takaa kidogo.

Tunguu na upande ule kuelekea mashariki na kusini ya Unguja ni nchi ya mawe. Unachimba hapa unagonga jiwe nusu mita, unachimba hatua nne pembeni unakuta udongo wa kinongo umejaa kwenye shimo la jiwe, na pengine chini ya jiwe kuna uwazi. Jiwe la matumbawe linaliwa na maji ya mvua miaka na miaka na ndo mapango yote yale yametoka huko. Kosa la kawaida ni nusu ya msingi kukaa juu ya jiwe na nusu juu ya udongo. Jiwe halishuki, udongo unashuka, na nyumba inakatika pale pale mpakani. Dawa yake si ngumu wala si ghali kama umeijua mapema, unachimba udongo mpaka ufike jiwe, au unaweka msingi wenye bimu ya nondo inayovuka, au unajaza kwa zege lenye saruji kidogo, injinia ataamua. Na kabla ya hapo unagonga. Mtaimbo mzito, kila hatua moja ya mtaro, unausikia mlio. Penye uwazi panajibu tofauti, hata mtoto atausikia. Kwa nyumba ya ghorofa unaweza hata kutoboa kwa drili ya mawe mita 2 au 3 chini ya kila nguzo kubwa ukajua kilichopo.

Wa Pemba mnaosoma, nyinyi habari yenu nyingine. Huko shida ni vilima na kinamo, udongo ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na mtu akikata kilima apate ploti bapa, upande mmoja wa nyumba uko juu ya ardhi ya asili na upande wa pili juu ya kifusi alichokimwaga mwenyewe mwezi uliopita. Ukaguzi wa shimo kwenu ni muhimu zaidi kuliko ukaguzi mwingine wowote, ukiwa na pesa ya kumleta injinia mara moja tu, mlete siku hiyo.

Wewe dada hiyo siku imeshapita, msingi umefunikwa. Haijaharibika lakini kuta zisianze. Wiki hii injinia wako afukue nje ya msingi, pembe mbili zinazokabiliana na sehemu moja ya katikati chini ya ile bimu kubwa, achimbe mpaka aone msingi umekalia nini, upana gani, kina gani. Vibarua wawili, siku moja, unafukia jioni. Akipiga nyundo ya kupimia ugumu wa zege atapata picha ya juu juu, si ushahidi kamili lakini penye udhaifu mkubwa pataonekana kwa kulinganisha na pengine. Kipo kifaa cha kutafutia nondo ndani ya zege, kinaonyesha ziko wapi na ziko kina gani, kama anacho afadhali. Na kama ami alipiga picha siku ya kufunga nondo, hata mbili tatu, zitafute, zina thamani kuliko vyombo vyote hivyo. Akikuta msingi wa nyumba ya chini tu ndo umewekwa, kama ninavyoshuku kwa upana uliouandika, basi ama unabaki na nyumba ya chini ama unaongeza misingi ya nguzo kabla ya kupanda. Sasa hivi ni gharama ya wiki mbili. Ukisha kuezeka ni kilio.

Vifaa navyo vina ukaguzi wake, na huu hata ami anauweza. Nondo ipimwe kwa mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.6 hivi, ya milimita 16 kilo 19 kasoro kidogo, ya milimita 10 kilo 7.4. Chukua tano, zipime pamoja, gawa. Ikipungua kidogo sana sawa, lakini ukikuta ya 12 ina kilo 9 hiyo si ya 12, umeuziwa nyembamba, rudisha. Mchanga, tia kwenye chupa ya maji mpaka nusu, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho yake, juu ya mchanga utaona tabaka la udongo laini, likiwa nene kuliko sehemu moja ya kumi ya mchanga usiutumie kwenye nguzo.

Halafu chumvi. Huku kwetu chumvi ndo adui wa nondo namba moja, na inaingia kwa njia mbili ambazo watu wanazijua na wanafanya hivyo hivyo. Mchanga wa pwani, ambao kuuchota ni kosa na kuuchanganya kwenye zege lenye nondo ni kosa la pili. Na maji ya kisima cha chumvi, mana kwenye mawe maji ya bahari yanaingia mbali chini kwa chini, mtu anachimba kisima anaonja yana ukali kidogo anasema ya kujengea yanafaa. Hayafai kwenye nondo. Nondo inaota kutu, kutu inavimba, inalisukuma zege, na baada ya miaka kadhaa unaona dari ya baraza inabanduka vipande na nondo iko nje nyekundu. Majumba ya zamani ya mawe na chokaa hayakuwa na nondo ndani ya kuta, ndo mana chumvi ile ile haikuyafanya hivi. Kwa hiyo maji ya bomba ya ZAWA, mamlaka ya maji, au ya mvua, au yapimwe kwanza, na nondo zifunikwe na zege vizuri, sentimita 5 kutoka nje kwenye msingi, na zisigusane na mbao kwenye slebu wala bimu, weka vibiskuti vya zege chini yake. Fundi anayezilaza nondo kwenye mbao halafu anasema "tutazinyanyua wakati wa kumwaga" hazinyanyui.

Siku ya slebu injinia awepo mwenyewe tangu kabla ya mixa kuwashwa mpaka mwisho, hiyo ndo siku ambayo ada yake inahalalika. Ahakiki nondo za juu kwenye viungo vya bimu na balkoni, mana balkoni ikiwekwa nondo chini badala ya juu inaanguka mzima mzima, na nimeona mafundi wa miaka 20 wakibishana kuhusu hilo. Achukue vipande sita vya zege vya sentimita 15 kila upande, vitatu vipasuliwe maabara siku ya 7 na vitatu siku ya 28. Maji kwenye mixa yapimwe kwa ndoo, mfuko wa kilo 50 na lita 25 hivi ukihesabu na unyevu wa mchanga, sio kwa mpira wa maji mpaka zege lianze kutiririka. Na mirunda inayoshikilia slebu isitolewe mpaka yeye aseme, hata kama mwenye mirunda anapiga simu anaitaka.

Kuta zenyewe hazina mambo mengi, timazi, viungo vya matofali vipishane, linta zifunge, ringi bimu izunguke nyumba nzima bila kukatika. Paa, mbao zitiwe dawa ya mchwa na zifungwe kwenye ringi bimu kwa chuma, sio msumari mmoja. Karo liwe mbali na msingi na mbali zaidi na kisima, kwenye mawe maji machafu yanasafiri usipoyategemea.

Ukisha kufanya hayo na ukabakiwa na pesa ya kutafuta bima, kata ile ya moto na maafa baada ya kuhamia. Na yule kontrakta wa miaka 20, mjibu kwamba utazungumza nae baada ya ripoti ya msingi, na kama anaitaka kazi kweli aje siku ya kufukua atazame na yeye.

Haya, ufa. Kwa picha naona ni mwembamba, umekwenda mkono mmoja na nusu katikati ya jamvi na haukufika ukingoni. Mara nyingi huo ni wa kukauka, jamvi halikumwagiliwa maji ya kutosha au lilimwagwa kipande kikubwa bila ya kukatwa viungo, na si hatari. Ila sikuuona kwa mkono. Ami apitishe kidole: kama upande mmoja uko juu kuliko mwingine hata kidogo, hiyo si kukauka, hapo chini pameshuka. Atazame pia kama ufa huo uko juu ya pale jiwe linapokutana na udongo, yeye alikuwepo siku ya kuchimba anakumbuka. Apige alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, aandike tarehe pembeni yake, apige picha na tepu. Shimo la tatu la injinia, lile la katikati, lisogezwe liwe upande wa nje karibu kabisa na ufa ulipo, na mpaka ripoti yake itoke matofali yakae yalipo, hata kama fundi anadai siku zake za kungoja. Mlipe hizo siku.